Programu ya Kusoma kwa Sauti

Kila siku baada ya vipindi, Kinanda na wenzake watatu walikimbilia chumba cha kompyuta. Jina hilo la utani alipewa kwa jinsi vidole vyake vilivyocheza juu ya vibonye. Walikuwa wakitengeneza programu ya kumsomea vitabu kwa sauti msichana wa darasa lao asiyeona.

Mwanzoni walifuata utaratibu waliofundishwa na shangazi yake Kinanda, ambaye kazi yake ni kuandika programu. Kila siku kwanza walisimama dakika tano, kila mmoja akaeleza alichofanya, anachofanya na kilichomkwamisha. Kazi zote ziliandikwa kwenye vikaratasi ukutani. Kila Ijumaa msichana huyo, rafiki yao, alijaribu kipande kilichokamilika.

Mambo yalipowanyookea, wakaona kusimama ni kupoteza muda. Vikaratasi vikadondoka, vikafagiliwa. Ijumaa zikapita bila majaribio. Wote wakawa kambale, kila mmoja na sharubu zake.

Wiki mbili kabla ya mtihani wa muhula, rafiki yao alivaa vipokea sauti akasikiliza.

“Inaruka kurasa,” alisema. “Sasa imenyamaza kabisa. Au imepata mafua?”

Wenzake walicheka. Kinanda hakucheka. Sehemu ya kugeuza kurasa ilikuwa yake, naye alikuwa amewaambia kwamba imekwisha.

Kesho yake shangazi alikuja, maana Kinanda alimwomba.

“Haya wanangu, nani anajua mwenzake anafanya nini?”

Kinanda akainua mkono. “Shangazi, niliwadanganya wenzangu. Nilisema tayari, kumbe sijaijaribu hata mara moja. Nilikwama, nikaona haya kusema.”

“Hata mimi nilibadilisha majina ya mafaili bila kumwambia mtu,” mwingine akakiri.

“Basi tunaanza upya?” Kinanda aliuliza kwa unyonge.

“Upya wa nini? Rudini kwenye utaratibu wenu. Simameni.”

Wakasimama. Wakabandika vikaratasi, wakakubaliana kushughulikia kurasa kwanza. Siku ya pili Kinanda alikwama tena. Safari hii alisema, na mwenzake akaliona kosa kabla hata hawajaketi. Kila alasiri rafiki yao alijaribu, naye hakuwaonea haya: “Bado. Hapo imekimbia mno.”

Ijumaa programu ilisoma sura nzima bila kukwama. Msichana yule alivua vipokea sauti taratibu.

“Asanteni sana,” alisema. “Leo nimesoma bila kumsubiri mtu apate nafasi.”

Kinanda alimkumbatia shangazi yake, aliyekuja kushuhudia. “Ahsante, shangazi. Bila wewe tungeaibika.”

“Mshukuru pia huyu aliyewaambia ukweli kila siku,” shangazi alijibu. “Kukosea si aibu, wanangu. Utaratibu unawaonyesha kosa lingali dogo, lakini hausaidii kitu mkifichana. Aliyekwama aseme, na aliyemaliza ajaribu kwanza ndipo aseme amemaliza.”