Maua Meusi ya Keki

Kila alipotoka shule, Hadiya alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja jikoni kwa Shangazi Ruqaiya, aliyeishi naye, kumsaidia kupaka siagi vyombo vya kuokea. Karibu kila keki ya harusi iliyoliwa Mambrui ilitoka jikoni humo. Hadiya alikuwa msichana mwenye bidii, hilo halina ubishi. Tatizo lake lilikuwa moja tu: alikuwa mwepesi wa kushuku. Penseli ikipotea darasani, kabla haijatafutwa sakafuni, yeye alikuwa keshamjua mwizi.

Ijumaa hiyo palikuwa na kazi kubwa. Binti yake Bi Hindu alikuwa anaolewa, naye alitaka keki nyeupe iliyochorwa maua yale yale bibi harusi atakayopakwa mikononi kwa piko, rangi nyeusi ya urembo. "Nayataka meusi tii, Ruqaiya," Bi Hindu alikuwa amesema. "Usiniletee maua ya kijivu, watu wakanicheka."

Hadiya alichungulia bakuli la aisingi ya kupambia keki. Siagi na sukari vilikuwa vimechanganywa na kakao, kisha rangi nyeusi ya chakula. Lakini weusi wenyewe haukuwapo. Aisingi ilikuwa ya kijivu, kama jivu lililomwagiwa maji.

"Shangazi, tuongeze rangi?"

"Rangi ikizidi inakuwa chungu, na meno ya wageni yanageuka meusi. Funika, uiache ilale."

Hadiya alifunika huku akijiuliza moyoni ni lini sukari ilianza kulala. Shangazi alipompa kisogo, alichota aisingi kidogo akaitia katika kikombe cha kahawa. Alikificha chumbani kwake, nyuma ya vitabu, akakifunika kwa kisahani na juu yake akaweka atlasi nzito. Alikusudia kuila baada ya chakula cha jioni, lakini usingizi ulimwahi.

Asubuhi alipoingia jikoni, alishtuka. Keki ilikuwa mezani, na maua yake yalikuwa meusi tii! Shangazi alikuwa ameyachora alfajiri baada ya kuswali, kisha akaenda Malindi kutafuta sanduku la kuibebea. Hata aisingi iliyobaki bakulini ilikuwa nyeusi kama makaa.

Karibu na dirisha alisimama Kahonzi, msichana mkubwa kutoka Ganze aliyekuja kujifunza kazi ya keki kwa Shangazi. Alikuwa akiosha vyombo. Hadiya alivitazama vidole vyake. Ncha zake zilikuwa nyeusi.

"Dada Kahonzi, vidole vyako vimefanya nini?"

"Ni piko. Jana jioni nilikuwa kwa Bi Hindu nikiwapaka wasichana. Koni ya kupakia ilinipasukia."

Koni iliyopasuka! Hadiya aliiona kando ya sinki, nusu yake imebaki, hatua chache tu kutoka kwenye bakuli. Alikumbuka jinsi mama yake alivyomkanya kwamba piko ni ya ngozi na nywele, kamwe haitiwi kinywani. Jana aisingi ilikuwa ya kijivu. Asubuhi ni nyeusi. Nani mwingine alilala karibu na jikoni? Kila alilolitazama sasa lilimthibitishia. Kahonzi akiosha vyombo haraka, alikuwa anaficha ushahidi. Kahonzi akinyamaza, alikuwa na hatia.

Mara Bi Hindu akabisha hodi, amekuja kuiona keki.

"Shikamoo, Bi Hindu."

"Marahaba, mwanangu. Maashallah, maua gani haya!"

Hadiya hakuweza kujizuia. Alimvuta kando akamnong'oneza yote. Bi Hindu akashika kinywa.

"Piko? Kwenye keki ya mwanangu? Wewe msichana, umetutilia nini?"

"Sikutia kitu, mama," Kahonzi alisema. "Hata kifuniko sikukigusa. Mulungu ananiona."

"Na vidole hivyo? Siwalishi wageni wangu sumu! Keki hii siichukui, na Ruqaiya akirudi nitamwambia akurudishe kwenu."

Kahonzi aliingia chumbani kwake akaanza kukunja leso zake na kuzitia mkobani. Machozi yalimdondoka, naye hakuyapangusa.

Hadiya alikwenda chumbani kwake akijiona shujaa. Hapo ndipo alipokikumbuka kikombe. Aliondoa atlasi, akainua kisahani, akaduwaa. Aisingi yake nayo ilikuwa nyeusi tii.

Kwanza alitaka kuamini kwamba Kahonzi aliingia humo pia. Lakini atlasi ilikuwa vile vile alivyoiacha, na hakuna binadamu aliyejua habari za kikombe hicho isipokuwa yeye. Akisema, atajulikana kuwa mdokozi na mzushi. Akinyamaza, Kahonzi atakwenda zake Ganze na jina baya. Alisikia zipu ya mkoba ikifungwa. Aliona haya, haya ya kweli, akatoka mbio na kikombe mkononi.

Shangazi Ruqaiya alikuwa anaingia na sanduku, Bi Hindu akimlalamikia.

"Si piko!" Hadiya alipaza sauti. "Niliidokoa jana nikaificha chumbani. Ilikuwa kijivu. Dada Kahonzi hakuigusa, na hii pia imekuwa nyeusi!"

Shangazi alichovya kidole kikombeni, akalamba. Kisha akamsogezea Bi Hindu, naye akaonja kwa woga.

"Tamu," Bi Hindu alikiri polepole. "Ni ladha ya kakao tu."

"Rangi ya aisingi hukolea kadiri inavyokaa," Shangazi alieleza. "Ndiyo maana mimi huichanganya siku moja kabla na kuiacha. Kosa langu ni kwamba sikukueleza, Hadiya. Kosa lako ni kwamba hukuuliza. Kushuku si dhambi, lakini ukishuku, uliza kwanza. Ukishalisema jambo la mtu, huwezi kulirudisha kinywani. Na cha watu hakidokolewi."

Hadiya alimwendea Kahonzi. "Nisamehe, dada. Nimekuonea."

Kahonzi aliuweka mkoba chini. "Nimekusikia," alisema. "Lakini bado naumia."

Bi Hindu naye aliomba radhi, akataka Kahonzi aibebe keki mwenyewe hadi kwenye nyumba ya harusi. Hadiya alifuata nyuma na visu na sahani. Walipofika na kuiweka mezani, wanawake waliizunguka keki, na mmoja akauliza kwa mashaka, "Weusi huu wote, si piko hii?"

Kahonzi aliinamisha kichwa. Hadiya akajipenyeza mbele.

"La, si piko," alisema, sauti yake ikisikika hadi uani. "Ni kakao na rangi ya chakula iliyoachwa ikakolea. Mimi ndiye niliyesema ni piko, na nilisema uongo."

Kahonzi aliinua kichwa. Akachukua kisu kutoka mikononi mwa Hadiya, na mkono wake uliokuwa huru ukatua begani mwa mtoto huyo.