Kiu ya Subaru ya Cornel

Jumamosi ile ilianza kama Jumamosi zote nyumbani kwa Cornel na Generosa, pale Mkonze, Dodoma. Boneti ya Subaru ilikuwa wazi tangu jua halijapanda. Spana zilitandazwa juu ya gunia, simu ilikuwa inaimba kwaya, na miguu ya Cornel ilichungulia chini ya bampa. Generosa alimletea chai ya rangi na viazi vya kuchemsha, akaviweka juu ya tairi la akiba, akachutama.

"Mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Silinda hedi zimepinda," Cornel akajibu kutoka chini. "Ndiyo maana linachemsha. Nikibadilisha gasketi peke yake nitakuwa najidanganya."

Lilikuwa Forester la zamani, la kijani kilichopauka, na Cornel alilipenda kupita kiasi. Aliajiriwa ofisini mjini, lakini mikono yake ilikuwa ya gereji. Alijifunza kulitengeneza mwenyewe kwa kutazama video na kwa kuunguza vidole. Hakuchoka kumweleza mkewe kwamba injini ya Subaru si kama nyingine. Pistoni zake hazisimami, zimelala, mbili huku na mbili huku, kama zinapigana ngumi. Ndiyo maana ina silinda hedi mbili, vile vifuniko vya injini, moja kila upande. "Kama wewe na mbavu zako," alimwambia, akamtekenya kwa mkono wenye oili. Generosa akapiga kelele, akakimbilia ndani akicheka.

Mchana walikodi kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, wakaenda Makutupora, nje ya mji. Cornel alikuwa amesikia kuna Subaru ya aina ileile imelala nyuma ya shamba la zabibu, haina mwenyewe.

Mwenyewe alikuwepo. Aliitwa mzee Petro, mwembamba, kofia ya sufu kichwani licha ya jua. Walimpa shikamoo, akaitikia bila kuwatazama. Gari lenyewe lilikuwa limezingirwa na miiba, halina viti wala vioo. Generosa aliona kitu kimoja akakishangaa. Nchi yote ile ilikuwa imekauka, vumbi linapanda mpaka magotini. Lakini ardhi ya chini ya lile gari bovu ilikuwa tope.

Kwenye kivuli cha nyumba alilala msichana juu ya mkeka, midomo imepasuka, macho yamezama. Kando yake palikuwa na ndoo ya maji na kikombe.

"Loisi, binti yangu," mzee akasema. "Anaumwa."

"Baba, maji," msichana akanong'ona. Alikuwa ametoka kunywa sasa hivi. Kidevu chake bado kilikuwa kinadondosha.

Mzee hakutaka hata kupatana bei. Chukueni tu, alisema. Ila Cornel alipoinua spana, alimzuia. Akaweka kiganja chake juu ya injini, akakiacha pale.

"Nyumbani kwako kuna nani?"

Cornel akatabasamu. Wazee huuliza hivyo. "Mke wangu tu, mzee. Ndiye huyu. Generosa."

"Generosa," mzee akarudia. Hakumwambia Generosa. Alikiambia kile chuma.

Cornel alifungua nati hadi jasho likamlowesha. Walipokuwa wanapakia silinda hedi kwenye kirikuu, Loisi aliketi juu ya mkeka, akapangusa kidevu, akaomba ugali. Mzee Petro aligeukia ukuta. Akafuta macho kwa kofia.

Kabla hawajafika mjini, Generosa alikuwa amemaliza chupa zote mbili za maji walizobeba.

*

Gari lilipona. Lilinguruma vizuri kuliko siku walipolinunua, na kwa muda Generosa naye alisahau kiu ya siku ile. Kisha Cornel akaanza kunung'unika kwamba rejeta inapungua maji. Alitafuta panapovuja, hakuona. Bomba zilikuwa kavu. Oili ilikuwa safi. Sakafu haikuwa na tone. Maji yalikuwa yanakwenda tu.

Na Generosa akaanza kunywa.

Alikunywa akiwa kazini mpaka wenzake wakamtania kwamba ana mimba. Alikunywa hadi tumbo likavimba, na ulimi ukabaki mkavu kama kipande cha turubai. Hospitali walimpima sukari, wakampima figo, wakamtundikia dripu, nyingine na nyingine tena. Daktari alitazama majibu, akamtazama mgonjwa, akayatazama tena majibu. Hakuona ugonjwa. Aliona mtu anayekauka.

Walirudi nyumbani. Asubuhi moja alikuwa amelala, hana nguvu ya kumeza mate kwa sababu mate yenyewe hayakuwepo. Dirisha lilikuwa wazi. Alimsikia Cornel anafungua kifuniko cha rejeta. Alisikia maji yanamiminwa.

Ubaridi ukamshuka kifuani.

Ulishuka taratibu, ukagawanyika, ukaingia mbavu za kushoto na mbavu za kulia. Midomo yake ikalowa. Akaketi.

"Cornel," akaita. "Umefanya nini?"

"Nimeongeza maji kwenye gari."

"Ongeza tena."

Akaongeza. Generosa akafumba macho, akalia kwa raha. Alipofumbua, mumewe alikuwa amesimama dirishani na jagi mkononi, uso umekuwa wa majivu.

*

Cornel alikwenda Makutupora peke yake. Aliporudi hakuingia ndani moja kwa moja. Kwanza alijaza rejeta. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akaongea kwa sauti ya chini, kana kwamba gari lingesikia.

"Loisi mzima. Nimemkuta anabeba ndoo kichwani, anaimba."

Generosa akajiinua kwa kiwiko.

"Gari lile lilikuwa la kaka yake mzee. Alikuwa analifanyia biashara ya kupakia zabibu, likawa linamfia njiani. Akaenda kwa mganga, akaomba lisimwangushe tena. Likatengenezwa. Hakuambiwa litakula nini."

"Lilimla nani?"

"Watoto wake. Mmoja baada ya mwingine. Alipojua, akavunja baadhi ya vyuma kwa nyundo. Mkewe, ambaye zamu ilikuwa yake, akafa nyundo ikiwa bado mkononi mwake. Mwenyewe naye akafuata. Gari likabaki kwa mzee, naye siku moja akalitajia jina la bintiye bila kujua. Wakawa wanamwagilia lile skrepa kama bustani, Gene. Ndiyo maana pale pana tope."

"Sasa hilo balaa liondolewe."

"Haliondoki. Linahama tu. Unaweka mkono juu ya chuma, linatajwa jina la mtu. Basi."

Nje upepo ulikuwa unasukuma vumbi kwenye mabati.

"Nilimuuliza kwa nini hakutaja jina lake mwenyewe," Cornel akasema. "Akaniambia kila asubuhi alikwenda pale na jina lake mdomoni, na kila asubuhi alirudi nalo."

Kiangazi kilikuwa kimekaza. Maji ya bomba Mkonze yalikuja kwa mgawo, na mgawo ukazidi kuwa wa kubahatisha. Cornel aliacha kwenda kazini. Aliteka, alinunua, aliomba kwa majirani. Kila ndoo ilikwenda kwenye gari. Naye Generosa alikuwa akijua kiasi kilichobaki bila kuambiwa, kwa sababu alikihisi kinashuka kutoka kooni, kwenye matiti, kwenye tumbo. Mwanzoni jagi moja lilimtosha tangu asubuhi hadi jioni. Sasa lilikuwa halimfikishi hata saa nzima.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, Fredy alipita. Fredy alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, mtu wa utani mwingi, asiyeweza kuona boneti wazi asisimame.

"Bado unapambana na hiki kizee?" Generosa alimsikia anauliza kupitia dirishani. "Niachie mimi. Nakupa hata leo. Mke wangu kila siku ananiambia tutafute usafiri."

Generosa alilala akitazama dari. Kisha alisikia kiganja kinawekwa juu ya chuma, taratibu.

"Kwani, Fredy," sauti ya mumewe ikasema, na haikuwa sauti aliyoizoea, "nyumbani kwako kuna nani?"

Generosa alitaka kupiga kelele. Koo halikutoa kitu.

"We Cornel vipi? Si unatujua? Kuna Vio..."

Spana ikapiga bampa kwa kishindo. "Toka!" Cornel akafoka. "Toka hapa! Usiseme kitu! Toka!"

"Una wazimu?"

"Nimesema toka, Fredy!"

Geti likabamizwa. Baadaye Cornel aliingia chumbani, akapiga magoti, akaficha uso kwenye shuka.

"Nilikuwa namuua Violeth, mkewe," akasema. "Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka."

Generosa akaweka mkono juu ya kichwa chake. Ulikuwa mwepesi kama jani la mahindi lililokauka. "Lakini hukumuua," akanong'ona. "Na usije ukataja mtu. Hata nikikuomba. Nitakuomba, Cornel. Usinisikilize."

Alimwomba siku iliyofuata.

Ilikuwa saa za adhuhuri, jua limesimama. Hakukuwa na maji Mkonze nzima. Cornel alikuwa amekwenda na ndoo huku na huku, akarudi na ndoo tupu. Generosa aliona dari inasogea karibu. Alisikia ngozi yake inakwaruza shuka. Alisikia sauti, akadhani ni ya mtu mwingine, inasema: taja, taja yeyote, taja hata mtoto, taja.

Nyayo zikatoka mbio nje.

Gari lilikuwa halijawashwa. Hata hivyo lilikuwa linachemka. Lilikuwa linafoka mvuke kama sufuria.

Akasikia nyama inaungua juu ya chuma.

"Cornel!" mumewe akapiga kelele. "Nyumbani kuna Cornel! Mimi! Cornel!"

Mvuke ukanyamaza.

Kinywa cha Generosa kikajaa mate. Yalijaa mpaka yakamwagika kwenye mto. Aliinuka. Alisimama. Alitembea kwa miguu yake hadi uani, akamkuta mumewe ameketi chini, ameegemea tairi, kiganja chake kimewiva. Alikuwa anatazama ndoo tupu kwa namna ambayo Generosa aliifahamu.

"Gene," akasema. "Ndivyo ulivyokuwa unajisikia?"

*

Baada ya hapo, Generosa ndiye aliyekuwa fundi. Majirani walimwona amevaa ovaroli ya mumewe, kichwa kiko ndani ya boneti, wakasema mapenzi ya kweli ni yale. Cornel alimfundisha kila kitu akiwa amelazwa dirishani: kaza bomba lile, badili kifuniko, safisha rejeta, angalia pampu ya maji. Alibadilisha gasketi kwa mikono yake, nati baada ya nati, akimsikiliza mumewe anavyopumua. Aliomba msamaha kwa Fredy bila kueleza sababu, na Fredy, mtu asiye na kinyongo, akawa anawaletea madumu ya maji kwa bajaji. Violeth alileta mengine. Wote walidhani ni ya mgonjwa kunywa.

Hayakutosha. Hayakuwa yanatosha.

"Sikiliza," Cornel alimwambia mara ya mwisho. Midomo yake haikuwa inafunga tena. "Mtu akija kulitaka, usimuulize kwake kuna nani. Na wewe ukiulizwa, popote, na yeyote..."

"Niseme nini?"

"Sema hakuna mtu."

Generosa alikuwa amebeba jagi la mwisho. Alilimimina polepole kwenye rejeta, tone kwa tone, akimtazama mumewe kupitia dirishani. Aliona koo lake linameza. Linameza. Maji yakaisha. Koo likameza mara moja tena, bila kitu, kisha likatulia.

Walimzika Mkonze. Waliombeba walisema jeneza lilikuwa jepesi mno, wakatazamana, wakaacha kulizungumzia.

Generosa hakuliuza gari. Alifunga milango, akapandisha vioo, akaenda kukaa kwa dada yake, Area D. Wenye kutaka Forester la bei rahisi walipomfuata, aliwaambia limeoza. Hakumuuliza mtu habari za nyumbani kwake.

Alirudi mara moja tu, mchana, kuchukua vyombo. Ulikuwa mwezi ule ambao Dodoma hata umande hauonekani. Vumbi lilikuwa limelifunika gari lote kwa nje, rejeta ilikuwa imekauka kabisa. Generosa alipita karibu, kisha akasimama.

Vioo vilikuwa na mvuke kwa ndani.

Alipangusa vumbi kwa kiganja, akachungulia. Hakukuwa na mtu. Upande wa dereva, juu, kwenye usawa wa uso wa mtu mzima aliyeketi, kioo kilikuwa na duara moja la pumzi. Lilikuwa linafifia, likarudi, likafifia. Generosa alilitazama kwa muda mrefu. Aliweka shavu lake pale, kwa nje. Kioo kilikuwa baridi.

Kisha akatazama vioo vya nyuma.

Kulikuwa na maduara mengine. Madogo. Yalikuwa chini, karibu na ukingo wa dirisha, yamepangana kama ya watoto wanaogombania kuchungulia nje. Nayo yalikuwa yanafifia, yanarudi.

La mwisho, pembeni kabisa, lilikuwa limefutwa katikati kwa kidole, kutoka ndani, ili mtu apate kuona vizuri aliyesimama pale.