Mtoto Aliyeliliwa Kila Alhamisi

Jildou alimwita bintiye, "Ymke!", na bintiye, aliyekuwa ameketi sakafuni mbele yake akila mkate, hakugeuka. Ila chumbani, ambamo hamkuwa na mtu, sauti ndogo ikaitika: "Abee, mama."

Akaita tena. Ikaitika tena, safari hii karibu na mlango.

Moyo ulimwambia palepale: kosa ni lako. Kazi yake, katika chuo cha udaktari mjini Groningen, Uholanzi, ilikuwa kuigiza mzazi aliyefiwa. Wanafunzi wa udaktari waliingia mmoja mmoja kujifunza kumpa mama habari ya msiba: kaa, mtazame, usizungukezunguke, sema wazi "amefariki", kisha nyamaza mpaka mama aseme. Karatasi ya mchezo ilimwita mtoto marehemu Lotte. Kwa Lotte machozi hayakuja, na Jildou aliona haya kulipwa kwa kilio kikavu, basi Alhamisi moja akawaambia mtoto anaitwa Ymke. Akalia mpaka mwalimu wao, Daktari Bauke, akatafuta leso. "Dada wewe, utatumaliza!" akamtania. Desturi ilikuwa mchezo ukiisha mwigizaji asimame, ajipanguse mabega, aseme kwa sauti kwamba msiba ule si wake. Jildou aliyasema maneno hayo nusunusu huku anavaa koti, apande baiskeli, amwahi mtoto. Alhamisi baada ya Alhamisi vijana wakamwambia Ymke amefariki, naye akakubali.

Jini haombi zaidi ya hapo. Jina, na mtu wa kumlilia.

Nyumba ikaanza kunuka dawa ya hospitali, na Ymke akawa haombi chakula, halii akianguka, mikono yake baridi hata akiwa kwenye maji ya moto, na mama akimbeba anamwona mwepesi kuliko jana, na kila akijisahau akamwita jina, kile kingine kinaitika kwa furaha, kinakimbia, vinyayo vinasikika vikija mpaka magotini pake, halafu kimya, kama mtoto anayengoja kupakatwa.

Akamwendea Bauke katika chumba cha mazoezi.

"Mbona hukuniambia?" mwalimu alinong'ona.

"Ningesema nini? Kwamba nimemuua mwanangu kwa mdomo?"

"Si wewe peke yako. Mimi nilikuwa nakusifu." Akafuta miwani. "Mwite, nisikie."

Jildou akaita. Kiti kitupu cha dirishani kikaitika. Bauke alishika ukingo wa meza, na hakutania tena.

"Mlete mchana," alisema. "Tulichokisema, tukitengue vilevile tulivyokisema."

Mchana akaitwa Hylke, mwanafunzi aliyekuwa hodari kuliko wote wa kutamka lile neno. "Nikikosea utanikata maksi?" aliuliza, akijaribu kucheka.

"Ukikosea, Hylke, maksi si kitu."

Kijana akakaa. Akamtazama Jildou aliyempakata mwanawe. "Mama, nina habari ya kukupa. Binti yako Ymke yuko hai." Kisha akanyamaza, kama alivyofundishwa.

Ndani ya kimya kile mwili wa mtoto ulianza kupata joto, vidole kwanza, kisha mashavu, na Ymke akageuza shingo akamtazama mama yake. "Mama, nina njaa."

Jildou aliangua kilio. Hakuna aliyewahi kumsikia akilia hivyo.

Hapo, kutoka kiti cha dirishani, ile sauti ndogo, taratibu, bila hasira yoyote:

"Na mimi je, mama?"

Hylke akaziba mdomo.

"Usijibu," Bauke alinong'ona. "Toka, dada. Toka!"

Akatoka mbio, mwanawe kifuani, na nyuma yake kilio kikaanza, si mlio wa kutisha kama watu wanavyosimulia, bali kilio cha kitoto kichanga kilichoachwa peke yake, kinachozidi kadiri anavyokimbia, na miguu yake ikawa inataka kurudi, naye anailazimisha, mpaka nje kwenye mvua.

Alipomketisha Ymke kwenye baiskeli, mtoto akamgusa kifua. "Mama, umelowa."

Haikuwa mvua. Ymke aliacha kunyonya zamani, lakini maziwa yalikuwa yanachuruzika.