Injini Iliyosingiziwa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Felistus alikuwa na kazi ambayo wasichana wenzake wa Nchelenge, mji wa kando ya ziwa, hawakuwa nayo. Wao waliteka maji ziwani. Yeye alichuja dizeli. Nyuma ya jiko lao kulikuwa na pipa, na baba yake, Bwembya, alikuwa amemfundisha namna ya kulitumia: teka juujuu, usifike chini, kwa sababu maji hulala chini ya dizeli, kisha mimina polepole kupitia kitambaa kilichokunjwa. Miaka ile ya sabini mafuta yalikuwa adimu, na aliyeyapata hakuchagua yaliyo safi.

Pikapu ya Bwembya ilipeleka samaki mjini Mansa. Mdogo wake Bwembya, aliyeitwa Mukuka, ndiye aliyekuwa akisaidia kupakia, naye aliichukia injini ya dizeli ya gari hilo.

"Mukubwa wangu, hii ni kiboko mwenye kikohozi," alilalamika. "Wenye petroli wanatupita milimani huku wanatupungia mikono. Kuna mtu Mansa ana injini ya petroli, yuko tayari kubadilishana. Tuitoe hii!"

"Wanatupita wakiwa hawana mzigo," Bwembya alimjibu. "Wakishapakia samaki na tope likawashika, nani huwavuta? Hii inakunywa kidogo na inabeba mzigo. Ni nzito, lakini inafika."

Siku moja wakati wa masika, Mama Léonie alivuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Zaire, na mtumbwi uliojaa samaki wabichi. Alikuwa dada mkubwa wa mama yake Felistus, mjane mwenye watoto wadogo. Kwa ajili ya mzigo ule aliazima nyavu za watu na kuwalipa wavuvi kwa unga wake wa mwisho.

Asubuhi ya safari, rafiki yake Felistus aitwaye Mpundu alimwita kutoka barabarani. "Fanya haraka! Wanachagua wachezaji wa mpira wa pete!"

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kifuniko cha pipa kilikuwa kimelegea. Dizeli iliyobaki ilikuwa kidogo. Felistus alizamisha kopo mpaka chini, akamimina moja kwa moja kwenye tangi, bila kitambaa.

"Felistus, umechuja?" baba yake aliuliza huku akifunga turubai.

"Nimechuja, tata," alijibu, akakimbia.

Gari lilikwenda vizuri hadi likapita Mwansabombwe, kwenye njia ya Mansa. Hapo likaanza kukwama na kukohoa, na mwishowe likazima katikati ya pori. Bwembya na Mukuka walihangaika nalo mpaka mikono ikachubuka. Malori machache yaliyopita yalikuwa yamejaa. Jua lilipotoka kati ya mvua na mvua, samaki walianza kuvimba. Mama Léonie, aliyekuwa safarini nao, ndiye aliyewamwaga majanini kwa mikono yake mwenyewe.

Lori moja liliwahurumia hatimaye, likaivuta pikapu mpaka nyumbani. Mama Léonie aliketi mlangoni, nguo zake zikinuka uvundo. Mama yake Felistus alimletea ubwali, ugali wa kwao, lakini hakuugusa.

"Ile samaki ilikuwa chakula ya batoto yangu," alisema. "Sasa haiko kitu. Batu ya nyavu nitabaambia nini?"

Mukuka alikuwa ameshaleta spana. "Nilisema mimi! Dizeli si kitu cha kuwekwa kwenye gari dogo. Sasa mmeamini?"

Bwembya alifungua boneti. "Itoe," alisema kwa sauti ya mtu aliyeshindwa. "Imeniaibisha."

Felistus alisogea karibu na gari. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Injini haina mdomo wa kujitetea.

"Tata, usiitoe," alisema huku machozi yakimtoka. "Sikuchuja. Nilikwangua chini ya pipa. Nilikudanganya."

Hakuna aliyempiga. Afadhali wangempiga. Bwembya alichukua spana, akafungua pampu ya dizeli, na maji yenye matope yakamtiririkia vidoleni. Ndani, vyuma vilikuwa vimekwaruzwa vibaya. Mukuka aliinamisha kichwa. Mama Léonie alimtazama mtoto wa dada yake.

"Mutoto wangu," alisema polepole, "ungesema ile asubuhi, tungemwanga ile mazutu, ile dizeli ya maji, chini, na samaki ingefika."

Kesho yake alivuka ziwa na mtumbwi mtupu.

Pampu nyingine haikupatikana Mansa wala kwingineko. Pikapu ilikaa juu ya mawe masika yote, na wachuuzi wakawapa watu wengine mizigo yao. Mvua zilipokwisha, ilipatikana pampu kuukuu ya lori lililokufa kule Chienge. Injini iliwaka, lakini ilitoa moshi mwingi na haikuweza tena kubeba mzigo wa zamani.

Siku ile ile Felistus alishuka ufukoni na baba yake kumsubiri Mama Léonie, wakitumaini angekuja na mzigo mwingine. Wafanyabiashara kutoka Kilwa waliwaambia kwamba aliuza mtumbwi wake, akaenda Lubumbashi kutafuta kazi. Watoto aliwaacha kwa jirani.

"Tata," Felistus aliuliza, "kusema kweli kumesaidia nini, basi?"

Bwembya hakutaka kumliwaza kwa maneno matamu.

"Kumeokoa injini ambayo ningeitupa kwa kosa lisilo lake. Mama yako mkubwa hakuokolewa, maana ukweli ulikuja samaki wakiwa wameshaoza. Dizeli inamfaa mtu anayeitunza, mwanangu, mzembe haimsamehe. Na kazi haiwi ndogo kwa sababu imefanywa na mtoto. Ukikosea, sema wakati kosa bado linaweza kurekebishwa."

Felistus alilitazama ziwa. Mitumbwi ilikuwa mingi, na hakuna hata mmoja alioutambua.