Mikono ya Muganga Kirezi

Mwaka ule wa vita, 2003, Georgette alikuwa akienda kituo cha afya katika mji wa Baraka kila baada ya siku moja. Alichechemea kando ya mama yake, Constance. Mafuta ya mawese yaliyochemka yalikuwa yamemuunguza mguu, na bandeji ilihitaji kubadilishwa.

“Angalia sana mikono ya yule muganga,” mama alimwonya njiani. “Ni mutu wa milimani, wa wale tunaopigana nao. Nani anajua anatia nini ndani ya dawa?”

Yule muganga aliitwa Kirezi. Georgette alinusa dawa yake na kukodolea macho kila chupa. Kirezi alipoigusa bandeji tu, mguu uliwaka moto, na msichana alilia hadi sauti ikakauka.

Siku moja walimkuta muganga Roger, jirani yao. Mama akabaki nje. Georgette akalala, akafumba macho na kuziba masikio. Bandeji ikaloweshwa, ikabanduliwa, kidonda kikaoshwa.

“Leo imeuma kidogo tu, muganga Roger,” alisema akifumbua macho.

Aliyekuwa akifunga bandeji mpya alikuwa Kirezi.

Georgette akauvuta mguu. Papo hapo ukaanza kuwaka. “Umetia nini?”

“Dawa ileile. Roger ameitwa kwa mama anayejifungua, nikaendelea mimi. Nilidhani umenisikia.” Kirezi akamtazama. “Unaniogopa?”

“Wanasema unatia sumu.”

Kirezi aliinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake ilikuwa tulivu. “Kesho kutwa utabandua bandeji wewe mwenyewe. Mama yako akae nasi. Ukisema ‘ngoja’, nitangoja.”

Siku hiyo ilipofika, Georgette aliilowesha bandeji, akaibandua kidogo kidogo, akipumua polepole kama alivyoelekezwa. Kirezi aliposhika kidonda, Georgette alisema “ngoja” mara mbili, na mara zote mbili Kirezi alingoja. Iliuma, lakini hakulia.

Mama Constance aliyaona yote. “Muganga, mi ndiye nilimutia mutoto woga,” alisema taratibu. “Unisamehe.”

“Vita imetutia woga sisi wote, mama,” Kirezi akajibu. “Maumivu yake ni ya kweli. Lakini mgonjwa akiuogopa mkono unaomtibu, maumivu huzidi.”

Baada ya majuma matatu kidonda kilifunga. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika Georgette bega.

“Mwanangu, dawa ilikuwa moja, kidonda kimoja. Yale maneno yangu ndiyo yalikuumiza zaidi. Kabla ya kumushuku mutu, tazama kwanza anachofanya.”