Maharage Yaliyolia Kru-kru

Kila Jumamosi Maman Mathilde alitoka mtaani kwao Evere kwa basi la alfajiri kwenda kuwahudumia wazee. Jikoni alibaki binti yake Hadassa, mwenye miaka kumi na miwili na simu isiyobanduka mkononi. Jumamosi hii aliachiwa kazi moja: maharage mekundu, yaliyolowekwa tangu jana, yachemshwe mpaka yalainike, kisha yatiwe lengalenga, yale majani ya mchicha.

Lakini kuchemsha maharage ni saa nzima na zaidi, na Hadassa aliona huo ni uonevu. Kwenye simu alimwona mwanamke akipika maharage na majani kwa dakika kumi tu. Hakugundua kwamba yale maharage yalitoka kwenye kopo, yameshaiva. Basi akakaanga kitunguu na nyanya, akamwaga maharage yake, akatupia lengalenga. Dakika kumi! Harufu ilikuwa nzuri. Harufu haina meno.

"Yaya, zinalia kru-kru!" alicheka mdogo wake Bienfait, wa miaka sita, aliyemwita hivyo kwa kuwa ni dada yake mkubwa. Akala sahani nzima. Hadassa alionja moja, akaliona gumu, akala mkate.

Saa tisa Bienfait alianza kutapika. Mara ya kwanza Hadassa alifuta. Mara ya pili alifungua dirisha. Mara ya tatu mtoto alilala sakafuni bafuni, midomo imepauka, jasho linamtoka, wala hakuita tena Yaya. Hadassa alikumbuka ile kru-kru. Alijua sababu. Lakini nani ana ujasiri wa kuitaja?

Mlango ukafunguka. Koko, bibi yao, alikuwa ametoka kanisani.

"Huyu mutoto ana nini?"

"Alikula... alikula bonbon, zile pipi za rafiki yake, Koko."

Koko alimgusa Bienfait kwenye paji la uso, tabasamu lake likatoweka. Akampigia Papa Séraphin, muuguzi aliyeishi ghorofa ya juu. "Anashuka," alisema. "Alors, nipe sahani. Nilimeza dawa ya sukari. Nisipokula, mutaokota watu wawili. Nimebakiwa na meno matatu, na hayasalimiane, lakini maharage laini siyaogope."

Hadassa akampa. Kijiko kikapanda. Akilini Hadassa akamwona Koko naye sakafuni, kando ya Bienfait.

"Koko, usikule!" Akakipiga kijiko. Maharage yakatawanyika yakigonga vigae kama mvua ya mawe. "Si bonbon! Ni maharage! Sikuyachemsha!"

Papa Séraphin alikuwa ameshafika mlangoni. Akaokota harage moja, akaliminya, halikuminyika.

"Alikula kiasi gani? Saa ngapi?"

Hadassa alijibu yote. Papa Séraphin akampigia daktari, akamweleza, akasikiliza.

"Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu," alisema alipokata simu. "Bon, sasa tunajua. Maji, kijiko kwa kijiko. Akishindwa kunywa, tunakwenda hospitali mara moja. Mimi ningekuwa bado natafuta bonbon!"

Kwa saa mbili Hadassa alikishika kijiko. Simu hakuigusa. Kila mara mtoto alipofumba macho, Hadassa naye aliacha kupumua. Hatimaye Bienfait akasema polepole, "Yaya, chakula yako ni mubaya."

"Amepona huyu," alisema Koko. "Ameanza kusema watu."

Kisha akamsimamisha Hadassa jikoni. Maharage yaliyobaki yakatokota saa nzima, yakalainika. Ndipo lengalenga mpya ikaingia, dakika tano tu, bado ya kijani.

"Sikia, mutoto wangu," alisema Koko. "Majani yanapikwa haraka. Maharage hayajui haraka, hata ukiyaonyesha simu. Na ukweli uko upande wa majani: haungojewi. Leo ulitaka haraka kwa maharage, ukachelewesha ukweli, na mudogo wako akalala chini akiungoja."

Ufunguo ukalia mlangoni. Hadassa akaweka mwiko chini, akatangulia mwenyewe. Maman Mathilde alisikia habari yote kabla hajavua koti.