Povu Jeusi la Nakawa

Mwaka 1975, Kisenyi, mtaa wa gereji na vipuri, ukiwa umejaa kelele za nyundo na honi, Akwero aliingia dukani kwa Emile akiwa na gauni la manjano lililoingia doa jeusi kiunoni.

"Nataka pampu ya hewa. Ya kupulizia mapovu."

"Mapovu? Dada, unafulia jeshi zima?"

"Nafua makaa ya mawe."

Emile, Mkongomani muuza vipuri, alicheka, kisha akaona hatanii. Akwero alikuwa mkemia wa kiwanda cha kuyeyusha chuma, Nakawa, mashariki mwa jiji. Makaa yaliyobaki ghalani yalikuwa vumbi lililochanganyika na udongo. Yakichomwa yanaacha majivu tele, chuma kinatoka kibovu. Shehena nyingine haikutarajiwa. Bila makaa safi, kiwanda kingefungwa.

Emile aliipeleka pampu kiwandani mwenyewe. Akwero akakoroga vumbi na maji, akadondosha mafuta ya taa na dawa ya povu, akafungulia hewa. Makaa yakanata kwenye mapovu, yakapanda juu yakimetameta; udongo ukabaki chini. Emile alisahau kufunga mdomo.

"Sheri, wewe mchawi?" alisema, akimwita mpenzi kwa Kifaransa.

"Mimi Muacholi. Shika ndoo."

Tangu hapo simu ya kiwanda haikupoa; Emile alipiga kila asubuhi.

"Makaa yameamkaje?"

"Yameoga. Mbona mimi huniulizi?"

Siku ya kuwaonyesha wakubwa, Emile naye akiwepo, povu likagoma. Akwero alipandwa na hasira. "Huyu ameniuzia pampu mbovu!"

"Kumbe mhujumu uchumi," alisema meneja.

Siku zile neno hilo lilitosha kumpoteza mtu. Emile alimtazama Akwero, akatoka bila kuaga.

Akwero akaukagua mtambo. Pampu ilikuwa nzima. Yeye, kwa wasiwasi, hakuwa ametia dawa ya povu. Kwa Muacholi, wakati ule serikali ikiwaandama watu wa kabila lake, kukiri kosa mbele ya wakubwa hakukuwa mzaha. Alikiri.

"Pampu haina neno, mzee. Kosa ni langu." Akatia dawa, povu likafura hadi likamwagikia viatu vya meneja. Meneja akachota makaa safi kiganjani, akasahau hujuma.

Akwero alikimbilia Kisenyi. Emile alikuwa akifunga mzigo wake kwenye lori la kwenda Kongo.

"Nimewaambia kosa ni langu. Hakuna atakayekufuata. Nisamehe, Emile."

Emile aliacha kukaza kamba. "Na povu?"

"Limeharibu viatu vya meneja."

Alijizuia kucheka, akashindwa. "Kesho ukikasirika utaniitaje?"

"Mume wangu."

"Sema kwa nguvu, dereva asikie."

Akasema kwa nguvu. Mafundi wote wa gereji wakageuka, na dereva akaanza kushusha mzigo.